Moto Niliouzima Asubuhi

Mume wangu alikuwa mtu wa kalenda, mimi nilikuwa mtu wa uzi. Nalisema hili mwanzo kabisa, mtu asije akadhani tuligombana kwa jambo kubwa. Tulibishana juu ya siku moja tu, tena kwa upole, tukinywa chai, yeye akashinda nami nikanyamaza. Huko kunyamaza kwangu ndiko ninakotaka kukueleza, maana mpaka leo kunanikera.

Tulikuwa Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi za Walukuba, miaka ile ya hamsini, bwawa la mto likiwa limeshafunguliwa. Mume wangu alikwenda kule kwa kazi za bwawa, na zilipokwisha akapata ukarani wa stoo katika kiwanda cha nguo. Akaandika barua nyumbani kwamba sasa ana nyumba ya saruji na bomba la maji liko karibu, basi aletewe mke. Nikaletwa. Kwetu ni Unguja, upande wa kusini, kwenye ardhi ya mawe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sanduku moja la bati na ukili wa kusukia mikeka. Ukili uliisha mwezi wa kwanza, na kule hapakuwa na wa kununua.

Upweke wa Walukuba ulikuwa wa ajabu, kwa sababu watu walijaa tele. Nyumba zimepangwa mistari, ukikohoa chumbani jirani anakusikia. Lakini kila mtu na lugha yake, na Kiswahili walichokijua wengi kilikuwa cha askari na cha dukani, cha kuagiza na kukemea. Mimi sokoni nikisema, “Mama, tafadhali nipunguzie kidogo, mwenzio mgeni,” wananitazama kisha wanacheka, na bei hawapunguzi. Mume wangu akitoka kwa king’ora cha asubuhi harudi mpaka jioni, amechoka, anataka kula na kulala. Kuna siku nilijikuta nakisemesha chungu. Nilikuwa nakigombeza kwa kuchelewa kuchemka, na niliposikia sauti yangu mwenyewe nikakaa chini nikalia.

Aliyenisaidia ni jirani wa ukuta mmoja, mama wa Kisoga mwenye watoto wanne. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga na Kisoga changu kilikuwa hakipo, lakini tulielewana. Nilipougua homa, ile homa ya ziwani inayomtetemesha mtu mpaka kitanda kinatembea, alikuja kila asubuhi kwa siku tisa na kibakuli cha uji, akaninywesha mwenyewe. Sikumsahau.

Sasa nieleze habari ya mwaka. Kwetu mwaka si Januari. Kwetu mwaka unageuka upepo wa kusi unapoanza kuchoka, mwezi wa saba ukiishia au wa nane ukianza, na hauna uhusiano na mwezi wa Waislamu wala wa Wazungu. Ni siku mia tatu sitini na tano, zinahesabiwa kumi kumi, miongo thelathini na sita na siku tano za juu. Siku ya mwisho inaitwa kibunzi. Jioni ya kibunzi kila nyumba inazima moto wake, majivu yanazolewa yote yakamwagwe mbali, mafiga yanasuguliwa. Alfajiri watu wanakwenda kuoga baharini, wakirudi wanawasha moto mpya, kinapikwa chungu kimoja cha nafaka mchanganyiko, kunde, mbaazi, choroko, mtama, chochote kilichovunwa, kwa tui la nazi. Na nyumba lazima ipate mgeni. Nyumba iliyokula mwaka bila mgeni ni nyumba iliyokosa baraka. Waliokosana wanakula sinia moja siku hiyo, na maneno ya mwaka uliopita hayatajwi tena. Mchana wa siku ya mwaka ukipita kwenye nyumba ukakuta mafiga baridi, maana yake ni moja tu: wenye nyumba hawataki mtu.

Mwaka wangu wa kwanza Jinja niliufanya kama nilivyofunzwa. Bahari hakuna, basi nikachota ndoo ya maji ya ziwa nikatia chumvi, nikaonja, nikaongeza chumvi, mume wangu akicheka mpaka akakaa chini. Tukaoga uani zamu kwa zamu. Nikapika nafaka chungu kizima, cha watu kumi, kwa sababu cha watu wawili sikujua kukipima. Tukangoja mgeni. Watu wa msikitini mjini walikuwa wema kwetu, Idi tulikula kwao, lakini mwaka walikuwa hawaujui, na mwalimu mmoja alimwambia mume wangu kwamba mambo hayo hayamo katika dini. Basi hakuja mtu. Tulikula sisi wawili siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu nafaka zikachacha nikazimwaga. Mwezi haukuisha, ikaja barua kwamba mama yangu amefariki na ameshazikwa wiki tatu zilizopita.

Mume wangu, ili kunichangamsha, alinisimulia habari za mke wa bosi wake, Mzungu. Ilipofika Oktoba mama yule alituma mtu stoo kuomba karatasi za khaki za kufungia bidhaa. Alizikata vipande vya umbo la majani, akazipaka rangi nyekundu na ya manjano, akazitundika barazani kwake, kwa sababu kwao majira hayo majani yanapukutika na hapa miti haibadiliki. Eti alikaa kwenye kiti chini ya majani ya karatasi, peke yake na mumewe, wakinywa chai. Nilicheka. Kisha nikaikumbuka ndoo yangu ya chumvi, nikaacha kucheka.

Baada ya mama kufa nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu wa damu, na huyo sikuwa nimemwona tangu nina miaka saba. Baba. Alikuwa fundi cherehani. Aliondoka kwenda bara kutafuta kazi, akasema ni mwaka mmoja. Asubuhi ya kuondoka alinikalisha mlangoni akanipa uzi mrefu wa pamba, akanionyesha: kila asubuhi fundo moja, siku ya kumi fundo kubwa. “Uzi ukifika miongo thelathini na sita na siku tano,” akasema, “utaniona.” Nilifunga. Sikuruka hata siku moja. Uzi ukatimia, mama akapika, akampakulia baba sahani yake akaifunika kawa, kwamba mgeni wetu mwaka huu ni baba yako. Hakuja. Mwaka wa pili mama akafunika sahani tena. Alifunika kila mwaka mpaka nilipoolewa, na kila mwaka jioni alinipa mimi nile kile chakula kilichopoa. Nilikichukia chakula kile, lakini nilikila.

Uzi sikuacha kuufunga. Usiniulize kwa nini. Nilienda nao Jinja sandukuni.

Ndipo muuza nguo mmoja akamwambia mume wangu msikitini kwamba Mbale kuna fundi mzee wa Unguja, anashona barazani kwenye duka la Mhindi. Alipotaja jina la kijiji chetu, mume wangu alirudi nyumbani akikimbia. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha, ndipo nikamwambia aandike barua.

Aliandika yeye kwa niaba yangu. Tulisema mama amefariki, mimi nimeolewa, niko Jinja, Walukuba, na namba ya nyumba. Tukasema aje kula mwaka kwetu. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, mistari minne kwa herufi za Kiarabu, nikaisoma mwenyewe: “Nimepata habari ya mama yako, Mungu amrehemu. Mimi huku sina mtu tena. Nitakuja siku ya mwaka, inshallah. Nisile peke yangu mwaka huu.” Tarehe hakuandika. Wala sisi hatukuandika. Mtu wa kwetu haandiki tarehe ya mwaka, siku ya mwaka ni siku ya mwaka.

Nilifurahi? Nilifurahi, wallahi. Nilifua mapazia, nikamtuma mume wangu kwa Mhindi akatafute nazi, zilikuwa zinakuja kwa gari moshi kutoka Mombasa, nyingi zimeoza. Na huku nafurahi, kuna kitu kilikuwa kinanichoma hapa kifuani kila nikiisoma ile “nisile peke yangu”. Miaka kumi na sita mama alikula peke yake.

Siku kama nane kabla ya mwaka ndipo tukabishana. Mume wangu alikuwa na kalenda ukutani, ya duka, na barua ya mjomba wake ya mwaka jana iliyotaja tarehe ya mwaka. Akaichukua tarehe ile ile akaitia duara kwenye kalenda mpya. Ikaangukia Jumapili, akafurahi sana, yuko nyumbani kutwa. Mimi nikatoa uzi wangu nikahesabu. Uzi ulisema Jumamosi.

Akaniambia nihesabu tena. Nikahesabu tena, Jumamosi. Alikuwa mpole, hakunicheka, lakini alikuwa karani na aliamini kilichochapishwa. Akasema, “Uliugua siku tisa, hujijui hujitambui. Siku moja umeifunga mara mbili. Homa hiyo, mke wangu, si wewe.” Akasema kalenda haiugui homa. Nilifungua mdomo nikataka kusema kitu, nikaufunga. Nikamwambia sawa, Jumapili. Akamimina chai nyingine.

Jumamosi asubuhi alikwenda kazini, nusu siku lakini siku za hesabu ya stoo alichelewa. Nami nikafanya kazi za kibunzi. Nilizima moto, nikazoa majivu kwenye karai nikayamwaga kule mwisho wa mtaa, nikasugua mafiga kwa jivu la mwisho na maji mpaka yakang’aa. Nikafunga mlango nikashika njia kwenda Mafubira. Kule kulikuwa na mama aliyeuza mbaazi nzuri, na choroko, na mtama mwekundu. Ni mwendo, ukitoka Walukuba kwa miguu. Sikuharakisha. Nilichagua mbaazi punje kwa punje mpaka mwenye mali akachoka nami, nikakaa kwake nikapewa ndizi ya kuchoma, nikarudi jua limeanza kuinama.

Jirani yangu alikuwa amesimama nje akiningoja. Akanishika mkono kabla sijashusha kikapu.

“Mzee alikuja,” akasema. “Nguo nyeupe, kofia. Amekaa hapa kwa ngazi yako, amengoja sana. Mimi nasema hawako. Ameenda kwa jiko yako, ameweka mkono kwa mawe, namna hii. Ameuliza, leo wamewasha moto? Mimi nasema hapana, tangu asubuhi hapana moto. Basi amesali hapo, ameenda.”

Aliniambia tena kwamba alimpa mzee maji na akakataa chakula, na kwamba mzee ameniachia kifurushi. Mzee alimwambia amelala msikitini mjini usiku wa kuamkia siku hiyo, ili awahi. Nilitupa kikapu nikakimbia na baibui langu mpaka stendi ya mabasi, huku watu wa mjini wananitazama. Basi la Mbale lilikuwa limeondoka kitambo. Nilisimama pale kwenye harufu ya mafuta na vumbi, utingo mmoja akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia siendi popote.

Mume wangu alinikuta nimekaa kwenye ile ngazi, kifurushi mapajani. Nilimweleza. Kwanza akasema mzee amekosea siku. Kisha akaingia ndani, akatoa kalenda ya mwaka jana, alikuwa hatupi kalenda yule, akaziweka mbili mezani akawa anapitisha kidole mwezi baada ya mwezi. Nilimwona kidole kilipofika Februari kikasimama. Ile ya mwaka jana ilikuwa na siku ishirini na nane. Ya mwaka huu ilikuwa na ishirini na tisa. Wazungu walikuwa wameongeza siku katikati ya mwaka wetu, na mwaka wetu hauongezwi siku. Alitoka nje uso umemparara.

“Uzi wako ulikuwa sawa,” akasema.

Nilimchukia jioni ile, nasema kweli, nilimchukia mpaka viatu vyake. Alikaa pembeni yangu akijaribu kunishika bega nami nikawa nalitoa bega. Akasema maneno yote ambayo mtu anaweza kusema, kwamba yeye ni mjinga, kwamba makaratasi yamempofusha, kwamba yeye ndiye aliyemfukuza baba yangu mlangoni. Nikamwacha ayaseme.

Kifurushi nilikifungua siku ya pili. Ilikuwa ni gauni la kitambaa cha buluu chenye maua madogo, limeshonwa vizuri, mishono imefichwa, kola imesimama. Nikasema halitanitosha, atajuaje mwili wangu mtu aliyeniacha sina meno ya mbele. Nikalivaa. Lilinikaa mabegani, likanikaa kiunoni, hata mikono ilifika pale pale inapotakiwa. Nilisimama katikati ya chumba nisielewe, kisha nikaelewa. Alishona kwa kipimo cha mama. Alikuwa bado anakikumbuka.

Jumapili hatukupika wala hatukuoga. Tulikula mkate, kila mtu upande wake wa meza. Jumatatu asubuhi jirani aliona siku ya tatu hakuna moshi kwetu, akadhani tumeishiwa kiberiti, akaniletea makaa ya moto kwenye kigae. Nilimshukuru, nikayaweka katikati ya mafiga na kuyapuliza. Nikapika nafaka zote za Mafubira. Mume wangu aliporudi akanusa, akasimama mlangoni. Nikamwambia kesho tunakwenda Mbale. Alimwambia bosi wake kwamba baba mkwe wake ni mgonjwa mahututi, yeye, mtu ambaye hakuwa akisema uongo hata wa kuchezea mtoto.

Basi lilipita Iganga, likazunguka Tororo, nami chungu nimekipakata njia nzima, kimefunikwa jani la mgomba na kufungwa kanga. Nilivaa lile gauni ndani ya baibui. Mbale mlima umesimama juu ya mji kama ukuta wa nyumba ya jirani, huwezi kutazama juu usiuone. Tuliuliza mara moja tu. Barazani kwenye duka la Mhindi kulikuwa na mafundi watatu, na nilimjua kwa jinsi alivyobana pini mdomoni, kwa pembeni, midomo imefinywa. Miwani yake ilikuwa imefungwa uzi sikioni. Alikuwa mdogo, baba yangu. Nilikuwa nimemweka kichwani mtu mrefu.

Nikamwamkia. Alitoa pini mdomoni moja moja akaziweka kwenye mkebe, ndipo akajibu, “Marahaba, mwanangu.” Baibui lilikuwa limefunguka mbele. Akalitazama gauni, akatazama chini.

Mume wangu hakungoja hata kukaribishwa kiti. Alianza pale pale amesimama, na jasho la safari: kwamba kosa ni lake, mzee, kosa ni lake peke yake, akaeleza kalenda na barua ya mjomba na Februari na siku ishirini na tisa, mafundi wengine wamesimamisha cherehani wanasikiliza. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Akacheka kidogo kwa ile siku ya kubandika. Kisha akanigeukia mimi.

“Nilipoweka mkono kwenye mafiga nikakuta hayana hata joto,” akasema, “nilisema ni haki yake. Nikasali nikaenda zangu. Sikukasirika, mwanangu.”

“Hapana, mzee,” mume wangu akadakia, “yeye hakujua. Uzi wake ulisema Jumamosi, mimi ndiye niliyembishia.”

Baba akanitazama tena, safari hii kwa muda. “Uzi ulisema Jumamosi?”

Nikasema, “Ndiyo, baba.”

Basi nikuambie nilichokinyamazia. Siku tisa za homa sikufunga uzi mimi. Nilikuwa siwezi hata kushika kijiko. Nilimwonyesha jirani yangu siku ya kwanza, na kila asubuhi alipoleta uji alifunga fundo moja mbele ya macho yangu, akanionyesha, kisha akaninywesha. Mafundo yake yalikuwa ya mkono wa kushoto, yanajulikana. Yako tisa. Niliyahesabu jioni ile ile ya ubishi, mume wangu akiwa anamimina chai, na nilijua kabisa kwamba hakuna siku iliyofungwa mara mbili. Niliyajua hayo nikasema sawa, Jumapili. Na kwetu moto wa kibunzi huzimwa jioni. Mimi niliuzima asubuhi, nikayasugua mafiga mpaka yakapoa kabisa, nikaenda mbali, nikakaa huko. Sikujiambia kwa nini. Nilitaka mara moja tu, mara moja katika miaka yote ile, yeye ndiye aje akute sahani yake haipo. Nilipomwona jirani amesimama nje nilijua, na niliumia, na niliumia kweli, lakini nilijua.

Baba hakuuliza zaidi. Alikuwa fundi wa uzi, yeye ndiye aliyenifundisha mafundo. Alisema, “Basi,” akaomba maji ya kunawa. Nikafungua chungu pale barazani nikampakulia. Alikula sahani nzima ya nafaka zilizopoa, taratibu, akaomba nyingine, na alipomaliza akasema mama yako alikuwa akitia chumvi zaidi. Nikamwambia najua. Hayo ndiyo tuliyosema juu ya mama, wala hatukusema mengine tena.

Alitusindikiza mpaka kwenye basi. Akamwambia mume wangu kwamba mwakani atakuja mapema, siku moja kabla, moto haujazimwa. Alikuja mwakani, na uliofuata, akilala kwetu siku nne na kushona kila kilichochanika mtaani bure. Mwaka wa tatu tulimzika Mbale, chini ya ule mlima.

Mume wangu aliifanya hadithi. Kila mgeni aliyetukanyagia mlango, Jinja na baadaye tuliporudi pwani, alisimuliwa jinsi karani mjanja alivyomfukuza baba mkwe wake kwa sababu ya Februari. Alijicheka yeye mwenyewe mpaka machozi, na watoto wetu wakawa wanamdai aisimulie, nami nacheka nao. Na kila mwaka ulipokaribia hakugusa kalenda tena. Alikuwa akija jikoni anasimama nyuma yangu anauliza, “Uzi unasemaje, mke wangu?” Mimi namtajia siku, naye anaamini. Kila alipouliza nilisema leo nitamwambia, nikamtajia siku tu.

Mwaka wa mwisho alikuwa kitandani, ameshapungua sana. Nilimletea maji ya bahari kwenye beseni nikamwosha miguu, maana kutembea kulimshinda. Aliniangalia nikimkausha, akasema kuna jambo moja linamsumbua tangu ujana, nami nilijua ni lipi kabla hajalitaja.

“Ile Februari,” akasema. “Ulinisamehe?”

Nikamwambia nilikusamehe zamani.